Ukurasa wa Sitini na Mbili

Kitabu kile nilikiacha ukurasa wa sitini na mbili, na sikukiacha kwa amani. Nilikitupa. Kilipita juu ya kichwa cha wifi yangu Ladidi, kikagonga mtungi wa maji, kikaangukia kwenye ungo wa mtama. Wanawake wote waliokuwa wakitarizi kofia uani kwetu wakainua macho kunitazama. Ladidi, ambaye hajawahi kuliacha jambo lipite hivihivi, akauliza kama nimekutana na nge mle ndani.

Nikamwambia heri ingekuwa nge.

Kila siku baada ya swala ya alasiri tulikuwa tukikusanyika pale uani kwa baba yangu, wanawake sita au saba wa mtaa, kila mmoja na kofia yake na sindano yake. Mimi nilisoma kwa sauti na wao wakashona. Tulikuwa tumekwisha kusoma vitabu vya mapenzi visivyo na idadi, vile vyembamba vinavyouzwa sokoni kwa sehemu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na jalada lenye msichana anayetazama pembeni. Hiki kiliitwa Subira ya Lubabatu, na mwandishi wake alijiita Yelwa Dala.

Lubabatu nilimpenda, nisiseme uongo. Mume wake alimpa talaka kwa maneno ya watu, akarudi kwa baba yake na sanduku moja, akakaa miezi saba bila kuinua uso. Nilimsoma neno kwa neno, maana na mimi nilikuwa nimerudi kwa baba yangu na sanduku moja, na mtaa mzima unajua. Basi nikafika ukurasa wa sitini na mbili. Gari linasimama mlangoni. Mume anashuka mwenyewe, amevaa kanzu nyeupe, analia mbele ya baba mkwe. Lubabatu anafuta machozi kwa ncha ya mtandio, anapanda gari, na moyo wake, anasema mwandishi, unachanua.

"Unachanua," nikarudia mbele ya wale wanawake. "Mtu amemwagwa nje kama maji ya kuoshea vyombo, halafu moyo unachanua."

Mmoja wao alisema ndoa ndivyo zilivyo, niendelee, wanataka kujua kama Lubabatu alizaa. Nikasema siendelei, kitabu kimekwisha. Ladidi akakiokota, akapangusa unga wa mtama, akakigeuza nyuma. Pale nyuma, kama kwenye vitabu vyetu vyote, palikuwa na namba ya simu ya mwandishi. Wasomaji huipiga kuulizia sehemu ya tatu, kumwombea dua mwandishi, hata kumwomba ushauri juu ya waume zao. Ladidi alisema kama nina hasira, mwenye kosa yupo, nisiionee mitungi ya watu.

Simu yangu haikuwa na salio. Akanipa yake, akaweka spika.

Ilipokelewa na mwanamke mwenye sauti ya upole iliyokwaruza kidogo. Tukasalimiana. Aliniuliza habari za nyumba, za kazi, za uchovu, na mimi nikamjibu zote vizuri kwa adabu, jambo ambalo likinijia leo linanichoma kuliko yale yaliyofuata. Akaniuliza nimefika wapi.

"Sitini na mbili, na siendelei," nikasema.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Kwa sababu umemuuza Lubabatu. Kanzu nyeupe na machozi mawili, umemuuza."

Alijaribu kuniambia kwamba nikivumilia mpaka sura ya mwisho nitaona. Wanawake walikuwa wanacheka chini chini, na kicheko cha watu kinamlevya msemaji. Nikamkata.

"Hajiya, mwanamke aliyewahi kupendwa hawezi kuandika ukurasa kama ule. Wewe hujawahi kupendwa hata siku moja. Kalamu iache, ukakaange kosai za kunde uuze barabarani."

Uani pote pakaangua kicheko. Na yeye alikisikia, maana alingoja mpaka kikaisha.

"Nimesikia," akasema. "Mungu akubariki kwa kupiga."

Simu ikakatika. Nikajiona malkia. Siku ile nilitarizi upande mzima wa kofia, na nilikuwa nikiimba.

Sasa nimtaje Sagir, maana kitabu kile alinipa yeye.

Sagir ni mfua kofia. Wanaume wa mjini humpelekea kofia zao zilizochoka, naye huzifua, huzitia wanga, huzivisha kwenye vibao vyake vya duara zikauke zimesimama wima kama mpya. Kofia ninazotarizi mimi nyingi zilipita mikononi mwake kabla hatujajuana, na anasema alianza kunipenda kwa mshono, kwamba aliona kofia moja yenye kosa dogo lililorekebishwa kwa werevu akauliza ni kazi ya nani. Wengine husifiwa macho. Mimi nilisifiwa kosa. Alikuwa akija mara mbili kwa wiki kabla ya magharibi, tunakaa kwenye zaure, kile chumba cha kuingilia mlangoni, yeye kwenye mkeka wake na mimi kwenye wangu, mlango wazi, vidole vyake vikinukia wanga. Akinitazama huwa hatazami uso mzima. Hutazama mikono yangu, kisha macho kidogo, kisha hurudi kwenye mikono kama mtu aliyekanyaga mahali pasipo pake. Kwa mtazamo ule tu ningeweza kumfuata mpaka mwisho wa dunia.

Kitabu alikileta kimefungwa kwenye gazeti. Alisema nikisome nimwambie. Kila akija aliuliza nimefika wapi, na baada ya kukitupa niliona vibaya kumvunja moyo. Nikamwambia nimekimaliza. Nikamwambia nimelia mwishoni. Sikujua hata mwishoni kuna nini.

Wiki mbili baada ya ile simu alikuja, akakaa, akawa anazungusha kofia yake mikononi. Nikamuuliza nani amekufa.

"Hajafa mtu. Ni Umma," akasema. Umma ndilo jina analomwitia mama yake. "Presha imempanda. Chakula hali vizuri, wala haandiki."

"Haandiki nini?"

Akaangalia nje, akashusha sauti. "Hili halijui mtu nje ya nyumba yetu. Marehemu baba hakutaka, basi anaandika kwa jina jingine. Kile kitabu nilichokuletea, Murja, ni cha Umma. Yeye ndiye Yelwa Dala. Sikukwambia mapema kwa sababu nilitaka ukipende kwanza bila kunionea haya."

Nilisikia masikio yangu yakiziba. Yeye akaendelea tu, masikini, hajui anachonifanyia.

"Kuna mwanamke alimpigia simu. Alimtukana mbele ya watu, wakamcheka. Umma hakusema kitu, lakini tangu siku ile sehemu ya tatu haijaongezeka hata mstari. Anafungua daftari, analitazama, analifunga. Ningemjua yule mwanamke, sijui ningemfanya nini."

"Pengine hakukusudia," nikasema.

"Mtu anapiga simu bila kukusudia?"

Ndipo akanitazama uso mzima, mara ya kwanza tangu tujuane, na macho yake yalikuwa yamejaa shukrani. Alisema kinachomtuliza mama yake ni mimi. Gwaggo Kulu, dada yake marehemu baba, alikuwa amepinga posa yetu tangu mwanzo. Alisema kijana ambaye hajawahi kuoa haanzi na mwanamke aliyekwisha kuachwa, tena aliyesutwa mtaa mzima kwa kuwarudisha wazee waliotumwa kumsuluhisha. Ni mama yake Sagir aliyesimama upande wangu. Alimjibu wifi yake kwamba msichana aliyemlilia Lubabatu mpaka ukurasa wa mwisho ana moyo, na moyo ndio anaoutafutia mwanawe.

Yaani posa yangu yote ilikuwa imesimama juu ya uongo wangu. Ningeweza kumwambia palepale. Niliufungua mdomo. Kisha nikamwona alivyotulia kwa kuniambia siri ya nyumba yao, nikaufunga, nikamwuliza kama mama yake anapenda supu ya kuku. Alifurahi, akasema nije Ijumaa kumjulia hali.

Nilipomweleza Ladidi, alikaa chini kwenye vumbi.

"Umemtukana mkweo," akasema. "Kwa simu yangu."

Kisha akafikiri, uso ukamkunjuka kidogo. Alisema Mungu amenionea huruma, maana mkwe haongeleshwi. Mchumba mwenye adabu akipelekwa mbele ya mama wa mwanaume hujifunika, huinama, hanyanyui sauti wala macho, na kadiri anavyonyamaza ndivyo anavyosifiwa. Basi nijifunike, ninyamaze, yeye Ladidi atasalimia kwa niaba yetu wote wawili. Sauti yangu haitatoka, na mtu hawezi kuitambua sauti ambayo haijatoka.

Ijumaa tulikwenda na chungu cha supu yenye pilipili. Mlangoni Ladidi akazima simu yake.

Hajiya Uwani, mama yake Sagir, alikuwa ameegemea mito kitandani, mwanamke mwembamba, kidole chake cha kati kina alama ya wino isiyotoka. Juu ya kabati madaftari yalikuwa yamefungwa kamba kama kuni. Hayo niliyaona kwa kuchungulia tu, maana niliinama tangu kizingitini, nikapiga magoti kwenye mkeka karibu na mlango, nikauvuta mtandio mpaka kidevuni. Ladidi akasalimia. Hajiya Uwani akaitikia kwa sauti ileile iliyokwaruza, akaniuliza habari za nyumba, za kazi, za uchovu, vilevile kwa mpangilio uleule. Nikazidi kuinama.

Gwaggo Kulu alikuwa kwenye kiti, jimama la watu, kokwa ya kola anayotafuna imemjaa shavuni. Alinizunguka kwa macho, kisha akauliza kama naona haya au ni bubu. Hajiya Uwani akamwambia aniache. Gwaggo Kulu akasema hajamshika mtu, anauliza tu, maana siku hizi wanawake wana midomo, na mfano ni yule mshenzi aliyempigia simu wifi yake.

"Nilikuwapo hapahapa," akasema. "Nilisikia kila neno. Sauti ile hata nikiisikia sokoni kati ya watu elfu nitaijua. Na namba yake ninayo. Kila siku naipiga, haipokelewi."

Ladidi akapaliwa na mate. Akakohoa mpaka ikabidi aletewe maji.

Gwaggo Kulu alieleza yote upya, na alieleza vizuri, kwa vitendo. Aliigiza sauti yangu. Aliigiza kicheko cha kina mama wa uani kwetu, mmoja mmoja. Alipofika kwenye kukaanga kosai, Hajiya Uwani alisema inatosha, presha si ya mwanamke yule, hata baba yake alikuwa nayo. Alinitetea bila kujua. Chini ya mtandio jasho lilikuwa likinitiririka, nami nilikuwa nikiomba ardhi ya chumba kile ipasuke, kwa dhati kabisa, kama mtu anavyoomba mvua.

Chungu cha mgeni hakirudishwi kitupu, basi Gwaggo Kulu akakibeba kwenda jikoni kukimimina na kutafuta cha kutia ndani. Akamwita Ladidi amsaidie. Ladidi alinitazama kama mtu anayeacha mtoto kisimani, akaenda.

Tukabaki wawili.

Hajiya Uwani naye ana haya zake, mkwe wa kike si mtu wa kupiga naye soga. Alipozungumza alielekeza uso dirishani, kama anaongea na pazia.

"Sagir ameniambia ulikimaliza," akasema. "Na ulilia. Nataka ujue tu kwamba nimekushukuru. Mwanamke yule aliponiambia vile, nilijiambia, sawa, yeye hakufika mwisho, lakini yuko mmoja aliyefika. Nimekaa na neno hilo wiki tatu hizi. Limenilisha kuliko hicho chakula wanachoniletea."

Nikang'ata mdomo.

"Sitaki useme. Najua. Nataka kitu kimoja tu." Alitoa kitabu chini ya mto, akanyoosha mkono bila kunitazama, akakiweka ukingoni mwa kitanda. "Nifungulie mahali palipokuliza. Ufungue tu, uache hapo. Nikiona ni wapi, labda na mimi nitajua niendelee vipi."

Ningeweza kufungua ukurasa wowote wa mwisho. Kulikuwa na kurasa kama sitini mbele yangu za kuchagua, na wowote ungemridhisha. Nilisogea kwa magoti, nikakishika. Kwa mikono ileile anayoitazama Sagir nikafungua sitini na mbili, nikakirudisha, nikarudi kwenye mkeka.

Alikivuta. Akasoma. Alikaa nacho muda mrefu kuliko urefu wa ukurasa.

"Ajabu," akasema polepole. "Hapahapa ndipo yule mwingine alipokiacha."

"Hajiya," nikasema. "Ni mimi."

Sauti ilitoka, na haikuwa na pa kurudi. Yeye akageuza uso kutoka dirishani.

"Sema tena."

"Ni mimi niliyepiga. Sikumaliza kitabu. Sikulia. Nilimdanganya Sagir kwa sababu alikileta kimefungwa kwenye gazeti na alikuwa na furaha."

"Wewe ndiye uliyesema sijawahi kupendwa."

"Ndiyo, Hajiya."

"Na watu wakacheka."

"Ndiyo, Hajiya."

Nilikuwa nimeweka paji la uso kwenye mkeka. Nilingoja amwite wifi yake. Nilisikia vyombo vikigongana jikoni na kicheko cha Ladidi cha uongo, nikajua kwamba neno moja tu la mgonjwa yule lingenirudisha kwa baba yangu mara ya pili, na safari hii hata sanduku sikuwa nalo. Nilimwona Sagir akiniuliza kama ni kweli. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba hatanipigia kelele. Atauliza tu kama ni kweli, kisha atatazama mikono yangu.

Hajiya Uwani hakumwita mtu.

"Kwa nini ukurasa ule?" akauliza. "Na usinipe yale ya kwenye simu, kwamba nimemuuza. Wengi wamemkasirikia Lubabatu na wakaendelea kusoma. Mtu hakiachi kitabu njiani kwa sababu ya mwanamke wa kwenye karatasi."

Nikasema jambo ambalo sikuwahi kulisema kwa mdomo, hata kwa Ladidi.

"Alikuja mwenyewe."

"Nani?"

"Mume wa Lubabatu. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni. Wangu hakuja."

Nikamweleza. Mama yangu alikuwa anakata roho, mume wangu yuko safarini, simu yake haipatikani, nikaondoka bila ruhusa kwenda kumwona. Siku ya tatu ya matanga mdogo wake akaniletea karatasi ya talaka. Eda ilipokwisha alituma wazee wawili na kola za kuomba suluhu wanirudishe. Nikawajibu nyuma ya pazia kwamba mimi si mbuzi, mtu anamfukuza asubuhi jioni anatuma watoto wamtafute. Mtaa mzima ulilisikia neno lile. Wengine walinisuta, wengine walinisifu, na baba yangu hakusema nami mwaka mzima.

"Wote wanajua nilikataa," nikasema. "Sikukataa, Hajiya. Nilisema vile ili aje yeye. Wazee walipoondoka nilifunga vitu vyangu. Siku kumi na moja mfululizo nilioga alasiri, nikapaka wanja, nikakaa kwenye zaure. Nilisema napunga upepo. Kila gari likipunguza mwendo nilikuwa nasimama. Siku ya kumi na mbili wakaniambia ameoa. Basi niliposoma kwamba limesimama mlangoni, na ameshuka, na ana kanzu nyeupe, sikuweza. Nilikuonea wivu wewe uliyeweza kuandika vile. Ndiyo nikasema hujapendwa."

Nilisikia kitabu kikifungwa.

"Wangu pia hakuja," akasema.

Nikainua uso. Niliusahau mtandio, na adabu, na kila kitu. Alikuwa analitazama pazia tena.

"Sagir alikuwa na miezi minne. Wazee hawakutumwa, mtu hakutumwa. Siku moja nilimfunga mgongoni nikatembea kutoka kwa baba yangu mpaka kwangu, jua kali, nikabisha hodi kwenye mlango wangu mwenyewe. Akafungua. Akasema, 'Umerudi?' Kisha akarudi kulala. Tukaishi miaka ishirini na sita mpaka Mungu alipomchukua, na hakuwahi kuniuliza nilikuja kwa nini." Alipapasa jalada kwa kile kidole chenye wino. "Kitabu chote kile ni kweli. Vyombo ni vyangu, sanduku ni langu, maneno ya mawifi niliyasikia kwa masikio haya. Gari tu ndilo nililotunga. Gari na kanzu. Niliuandika ukurasa ule mara saba, kwa sababu kila nilipolisimamisha mlangoni, mlango wake ulifunguka na ndani hamna mtu."

Nililia. Sikulia kwa ustaarabu, nililia kwa kamasi, mdomo nimeuziba kwa kiganja jikoni wasisikie.

"Ndiyo maana sikukujibu siku ile," akasema. "Nilikuwa nasikia maoni ya watu tangu kitabu kitoke, wananipongeza kwa gari lile. Ukaja wewe, ukalitambua kwamba limetungwa na mtu asiyepata kuliona. Ulisema kweli, mwanangu. Ila ulisema, na watu wakacheka."

"Nisamehe, Hajiya."

Alifikiri. Nilitamani aseme upesi, kama wanavyosema kwenye vitabu. Hakusema upesi.

"Sijui bado," akasema. "Niache kwanza nipone. Sagir anajua kwamba uliwahi kufunga vitu ukangoja mtu?"

Nikatikisa kichwa.

"Mwambie. Na la simu mwambie wewe, mimi simwambii. Mwambie kabla kola za posa hazijagawiwa, akuoe akijua au akuache akijua. Mimi wangu sikuwahi kumwambia kitu, na nimeishia kuwaambia watu nisiowajua kwa—"

Viatu vya Gwaggo Kulu vikasikika vikiburuzwa barazani. Nilibaki pale katikati ya chumba, uso wazi, wanja umenichuruzika mpaka shingoni, nimeganda. Ni yeye mgonjwa aliyeinama kutoka kitandani, akaushika mtandio wangu kwa mikono yake miwili, akaushusha usoni mpaka kidevuni, akanisukuma bega.

"Jifunike," akanong'ona. "Rudi kwenye mkeka. Akifika, hujasema neno."

Gwaggo Kulu aliingia na chungu kimejaa karanga, Ladidi nyuma yake amepauka. Akanitazama nilivyojikunja pale mlangoni, mabega yakinitetemeka, akauliza kama mpaka sasa sijasema kitu.

"Hata salamu hajaitikia," akasema Hajiya Uwani. Kitabu alikuwa amekilalia.

Gwaggo Kulu alikaa kitini, kiti kikalalamika. Alitafuna kola yake, kisha akakubali kwa shingo upande kwamba haya za namna ile hajaziona siku nyingi, kwamba mtoto anatetemeka mpaka huruma, na kwamba labda Sagir hakukosea sana.

"Hakukosea," mama yake akasema.

Mtandio nilikuwa nimeuuma kwa meno ili kwikwi isitoke. Ladidi alinishika mkono tuage. Nilitoka nikiwa nimeinama, nikisifiwa mpaka barazani, na nilikuwa bado sijasamehewa.